Liemba: itengenezwe, ao ije meli mpya?

Ukitaja jina la Liemba kwenye bandari ya Kalundu, mazungumzo hayaishi upesi. Wapenzi wake wamegawanyika: wamoja wanataka irudi majini, wengine wanasema imechoka, iwekwe makumbusho na meli mpya ichukue kazi yake.

Bato hii ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913. Ikafunguliwa, ikaletwa Kigoma ndani ya masanduku, ikaingia ziwani mwaka wa 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka wa 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili adui asiichukue, lakini kwanza walipaka moteri mafuta mazito. Ndiyo maana Waingereza walipoiinua mwaka wa 1924, moteri zilikuwa bado zinafaa. Mwaka wa 1927 ikarudi kazini, sasa ikiitwa Liemba.

Wanaotaka ibaki "ile ile" wanasahau kwamba moteri za mvuke zilitolewa miaka ya 1970, zikawekwa za mazuti. Kilichobaki cha zamani ni mwili.

Kwetu Uvira kuna sababu ingine ya kuipenda. Mwaka wa 1997, kisha Mobutu kuanguka, HCR iliitumia kurudisha wakimbizi zaidi ya 75,000, safari 22 kati ya Kigoma na Uvira.

Tanzania imechagua kuikarabati. Sawa. Lakini njia yake ya kawaida ilikuwa Kigoma mpaka Mpulungu, Zambia. Ikipona, itapanda mpaka huku, ao tutabaki na boti zetu za mbao, zenye kujazwa watu na magunia mpaka maji yanakaribia ukingo?