Laiki Haikai Ndani ya Barua

Jamaa yangu mmoja anayepeleka watalii mbugani kutoka Arusha alinitumia rasimu ya barua pepe aliyotaka kuwapelekea wateja wake wa zamani kabla ya msimu wa kiangazi kuanza. Barua ilikuwa nzuri. Ilisimulia mvua zilivyonyesha, ikataja nyumbu, ikatoa bei ya watakaolipa mapema. Chini kabisa, baada ya jina lake, alipanga alama za rangi: f ya bluu, kamera ya Instagram, X, nota ya TikTok, na mwishoni kidole gumba kilichosimama, kimeandikwa "Gonga laiki". Ujumbe alioniletea WhatsApp ulikuwa mfupi: "Kaka, hicho kidole nikikibofya kinanipeleka kwenye ukurasa unaotaka nywila. Nimekosea wapi?"

Hakukosea popote. Kidole kile hakijawahi kufanya kazi ndani ya barua pepe, kwake wala kwa mwingine. Na kwa kuwa naona wenzetu wengi wanaendelea kukibandika, wenye hoteli Zanzibar, wachapishaji, vyama vya akiba na mikopo, hata taasisi zinazochangisha fedha za yatima, nimeona suala hili linastahili kuelezwa kwa kituo.

Tuanze na kilikotoka. Facebook ilianza kukitengeneza kitufe hicho Julai 2007, na katika waliokihangaikia walikuwamo Leah Pearlman na Justin Rosenstein. Wao walitaka kibebe neno lenye maana kama "safi sana". Mark Zuckerberg alilikataa neno hilo, na kilipowafikia watumiaji tarehe 9 Februari 2009 kilikuwa na jina tunalolijua leo. Kwa zaidi ya mwaka kilikaa ndani ya Facebook yenyewe. Tarehe 21 Aprili 2010, kwenye mkutano wa kampuni hiyo mjini San Francisco, kila mwenye tovuti aliruhusiwa kukipachika kwake. Zuckerberg alitabiri jukwaani kwamba ndani ya saa 24 kitaonyeshwa mara bilioni 1 kwenye tovuti za watu. Wiki moja baadaye Facebook ilisema tovuti 50,000 zimekwisha kuvipachika vitufe vyake vipya.

Joto hilo liliwafikia haraka wanaouza huduma ya kutuma barua pepe kwa wingi. Mailchimp, kampuni iliyoanzishwa Atlanta mwaka 2001 na inayotumiwa hata na biashara ndogo za Dar es Salaam na Nairobi, iliwapa wateja wake mwaka huohuo wa 2010 alama fupi ya kuandika ndani ya barua ili kidole kitokee. Wenye biashara wakafurahi. Nani asingefurahi? Barua moja, wasomaji elfu moja, kila mmoja ana marafiki mia tatu. Kwa hesabu ya karatasini, barua hiyo ingefika mji mzima.

Lakini kilichotokea ndani ya barua kilikuwa picha ya kitufe. Kitufe chenyewe cha laiki kilikuwa programu ndogo iliyoandikwa kwa JavaScript, au dirisha dogo lililoletwa moja kwa moja kutoka kwenye seva za Facebook. Programu hiyo ndiyo iliyokiuliza kivinjari: huyu ni nani, na ameingia kwenye akaunti yake? Gmail, Outlook, Yahoo na wengineo huzing'oa programu za namna hii kwenye kila barua inayoingia, na wana haki ya kufanya hivyo. Barua inayoweza kuendesha programu mara tu inapofunguliwa ingekuwa mlango wa wezi. Kwa hiyo Mailchimp iliweka picha yenye kiungo. Ulipoibofya, ulitolewa kwenye barua, ukapelekwa kwenye nakala yake iliyowekwa kwenye wavuti, na laiki ikasajiliwa huko. Miaka ya karibuni Google imefungua njia ya kutuma barua zenye sehemu hai ndani yake, ila mtumaji lazima ajisajili kwao kwanza, na kidole cha Facebook hakimo katika vinavyoruhusiwa.

Kwenye kompyuta ya ofisini ya mwaka 2010 safari hiyo ilikuwa fupi, kwa sababu kivinjari kilekile kilichofungua barua ndicho kilichokuwa na Facebook iliyofunguliwa tangu asubuhi. Leo barua inasomwa kwenye simu. Facebook ya msomaji imo kwenye programu yake ya pekee, na nywila aliiandika siku aliyonunua simu kisha akaisahau. Akibofya kidole, kinafunguka kivinjari kisichomjua. Kinamtaka namba ya simu, kinamtaka nywila, na pengine kinamtumia tarakimu sita za kuthibitisha. Ni nani atapita milango mitatu ili amwambie mwenye hoteli kwamba barua yake imempendeza? Ataifunga simu, aende zake. Na ile bei ya kulipa mapema, ambayo ndiyo sababu ya barua kuandikwa, atakuwa ameiacha nyuma tangu mlango wa kwanza.

Kuna mambo madogo mengine ambayo mtu hawezi kuyajua mpaka yamkute. Outlook huzificha picha za barua nyingi mpaka msomaji aruhusu, na hapo ule mstari wa alama za rangi hugeuka visanduku vitupu. Gmail hukata barua inayozidi kilobaiti 102 na kuficha mkia wake. Mkia huo ndiko tunakopanga vitufe, na ndiko kunakokaa kiungo cha kujiondoa kwenye orodha. Msomaji asiyekiona kiungo hicho hubonyeza alama ya barua taka. Wakifanya hivyo wengi, hata barua zako za risiti zitaanza kuangukia huko.

Kushea kuna nafuu kidogo, kwa sababu kitufe cha kushea ni kiungo cha kawaida chenye anwani ya ukurasa. Hapo napo kuna mtego mmoja. Kiungo cha kujiondoa kilichomo ndani ya barua ni cha mtu mmoja, kimetengenezwa kwa anwani yake. Barua ikisambazwa nzima nzima, rafiki wa mteja wako anaweza kukibofya kwa kudhani anajiondoa yeye, kumbe anamwondoa aliyemtumia. Mteja mzuri anapotea bila ugomvi wowote, na hujui kwa nini.

Hayo yote ni ya kiufundi, na mafundi wanaweza kuyatafutia njia. Mimi nina pingamizi lililo zito zaidi.

Barua ni mazungumzo ya watu wawili. Hata ikitumwa kwa watu elfu kumi, kila mmoja anaisoma peke yake, kitandani, ndani ya daladala, au jikoni akisubiri maji yachemke. Alipokupa anwani yake alikufungulia mlango wa nyumba, akakukaribisha ukae. Laiki ni sauti ya barazani. Anayeigonga anawaambia bosi wake, mashemeji, mchungaji au imamu wake, na mwanafunzi mwenzake wa zamani, kwamba amepita mahali fulani na akapendezwa. Yapo mambo ambayo mtu anayapenda kwa dhati na hataki kuyatangaza. Chukua kliniki ya uzazi inayowaandikia wanandoa wanaotafuta mtoto. Chukua chama cha mikopo, wakili wa mirathi, au kituo kinachowasaidia wanaoacha pombe. Barua ya kliniki hiyo inaweza kuwa ndiyo barua bora ambayo mke yule ameipokea mwaka mzima, akaisoma mara nne, akamwonyesha mumewe, na asiiguse laiki kamwe. Meneja akihesabu vidole atasema barua imeshindwa. Atabadilisha mwandishi, aanze kutuma vichekesho, kwa sababu vichekesho watu hawaoni haya kuvipigia makofi.

Hapo ndipo ninapoona hatari yenyewe. Ukikiweka kitufe hicho kwenye barua unaanza kuiandika barua kwa ajili ya kitufe. Utaacha kumweleza mteja kwamba barabara ya kwenda hifadhini imeharibika, kwa kuwa habari ya barabara mbovu hailaikiwi. Nimezisoma barua za namna hiyo, tamu mwanzo hadi mwisho, na mgeni anafika uwanja wa ndege bila kujua analohitaji.

Na laiki yenyewe, ukishaipata, inakupa nini? Zamani aliyeupenda ukurasa wako alikuwa akiona habari zako. Tarehe 11 Januari 2018 Zuckerberg alitangaza kwamba Facebook itatanguliza habari za ndugu na marafiki, na kurasa za biashara zitaonekana kwa uchache. Waliokuwa wamekusanya maelfu ya laiki kwa miaka wakajikuta wanatakiwa kulipia tangazo ili wawafikie watu walewale waliokwisha kuwapenda. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika zote kwa pamoja kwa takriban saa sita, dunia nzima. Waliokuwa na orodha ya anwani za barua pepe waliendelea kuzungumza na wateja wao siku ile. Nchini Uganda serikali iliifunga Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na kizuizi kikadumu kwa miaka. Mteja wako wa Kampala aliyebofya kidole chako katika miaka hiyo aligonga ukuta, isipokuwa alipokuwa na VPN. Kwetu Tanzania, X ilifungwa Mei 2025. Orodha ya anwani ni mali yako, unaweza kuihamisha kutoka huduma moja hadi nyingine kama mtu anavyohama na masanduku yake. Laiki zimo kwenye nyumba ya kupanga.

Sheria nayo imeshaingia. Tarehe 29 Julai 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu juu ya Fashion ID, duka la nguo la mtandaoni la Ujerumani lililopachika kitufe cha laiki kwenye tovuti yake. Ilibainika kwamba taarifa za mgeni zilipelekwa Facebook mara tu alipofungua ukurasa, hata asipobofya chochote na hata asipokuwa na akaunti. Mahakama ikasema mwenye tovuti anashiriki wajibu wa kukusanya na kupeleka taarifa hizo. Mwenye hoteli wa Nungwi mwenye wageni kutoka Berlin na Milano asidhani hukumu hiyo ni ya mbali, kwa sababu wageni wake ndio iliowalinda. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inahitaji ridhaa ya wazi kabla ya kutumia taarifa za mtu kibiashara. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anwani zilizonakiliwa kwenye kitabu cha wageni cha mapokezi, bila mgeni kuulizwa, hazina ridhaa hiyo.

Halafu, Novemba 2025, Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ikatangaza kwamba kitufe cha laiki kwa ajili ya tovuti za nje kitazimwa tarehe 10 Februari 2026, na pale kilipopachikwa pasionekane kitu. Kilichozinduliwa kwa shangwe San Francisco kikaondolewa kwa tangazo fupi kwa watengeneza programu.

Jamaa yangu aliniuliza aweke nini badala yake. Nilimwambia aanze kwa kubadili anwani ya mtumaji. Barua yake ilikuwa imetoka kwenye anwani isiyopokea majibu, jambo ambalo ni sawa na kumbishia mtu hodi kisha ukaziba masikio. Anwani iwe ya kwake, na mwisho wa barua amwulize mteja swali moja analotaka kweli jibu lake: unapanga kuja mwezi gani, na mtakuwa wangapi? Kitufe cha kujibu kimo kwenye barua pepe tangu mwanzo, hakihitaji nywila ya pili, na jibu linamfikia aliyeandika peke yake.

La pili ni kiungo cha WhatsApp. Hiki ni anwani ya kawaida kabisa, wa.me ikifuatiwa na namba ya simu inayoanza na 255 au 254, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele. Kwa kuwa hakina programu yoyote ndani yake, Gmail na Outlook hazikiondoi. Msomaji akikibofya kwenye simu, mazungumzo na ofisi yako yanafunguka palepale. Kwa wateja wa Afrika Mashariki, ambao wengi huulizia bei kwa WhatsApp hata kama bei imeandikwa kwenye barua, sijaona kitufe kinachokikaribia.

Alama za Instagram na TikTok zinaweza kubaki, ndogo, kwa ajili ya anayetaka kuona picha. Kidole kiondoke.

Nawe, kama una barua ya kutuma wiki ijayo, jitumie wewe kwanza. Ifungue kwenye simu ya kawaida, kwa bando la kawaida. Bofya kila kitufe ulichoweka, kimoja baada ya kingine, na chochote kitakachokudai nywila kitoe kabla hujaituma kwa wateja.