Kiungo mkabaji wa Datsun 240Z na bushi zinazomwangusha

WATU wa soka mnalijua hili. Timu ikifungwa, lawama zinakwenda kwa straika aliyekosa bao na kipa aliyepitwa na mpira. Kiungo mkabaji hatajwi, mpaka siku akikosekana ndipo mnaona timu imepasuka katikati. Kwenye gari la michezo la zamani, kiungo huyo anaitwa stabilaiza.

Chukua Datsun 240Z. Hili si gari geni kwetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msoma ramani wake, Hans Schüller, walishinda nalo Safari Rally, mbio zilizoanza 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews pembeni. Siku hiyo haikuwa mchezo. Mehta na Harry Källström wa Sweden, naye akiwa ndani ya Datsun nyingine, walilingana pointi, mshindi akapatikana kwa kanuni ya kuvunja sare. Mehta alikuja kulibeba kombe hilo mara tano.

Utengenezaji wa 240Z uliishia mwaka huohuo wa 1973. Maana yake iliyo changa kabisa imeshavuka miaka 50. Injini yake ya silinda sita, lita 2.4, bado inaweza kunguruma vizuri, lakini raba za zamani huko chini zimekauka kama ngozi ya ngoma.

KAZI YAKE NINI?

Stabilaiza ni nondo ya chuma iliyopindwa, imelala kwa upana chini ya pua ya gari. Imeshikwa kwenye bodi kwa klampu mbili, na ndani ya kila klampu kuna bushi ya raba. Ncha zake zimefungwa kwenye mikono ya chini ya magurudumu, kulia na kushoto, kwa linki zenye raba zake.

Gari likiingia kona, bodi inataka kulalia upande wa nje. Nondo inajisokota na kukataa, inazuia upande mmoja usizame huku mwingine ukinyanyuka. Bushi zikiisha, nondo inacheza kwanza ndipo inashika. Dereva anakata usukani, gari linalala, halafu ndiyo linageuka. Kwenye kona ya kasi, kuchelewa huko kunaweza kukutoa barabarani.

Dalili yake ni ile 'ko-ko-ko' mbele ukipita mashimo madogo taratibu, hasa gurudumu moja likitangulia shimoni. Na hapa ndipo wengi wanapigwa. Wanauziwa shokapu mpya, kelele inabaki palepale. Ni kumfukuza kocha wakati shida ni uwanja. Kabla ya kutoa hela, zima gari, ingia chini likiwa limesimama imara, shika nondo uitikise. Ikicheza ndani ya klampu, umempata mchawi.

KUZIBADILI

Weka gari sehemu tambarare, vuta hendibreki, zuia magurudumu ya nyuma. Nyanyua mbele pande zote mbili, uliweke juu ya stendi za chuma. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, jeki ikiteleza hakuna dakika za nyongeza. Ukinyanyua upande mmoja tu, nondo inabaki imejisokota na bolti zitakusumbua.

Bolti zenye kutu zipulizie mafuta ya kulegeza, uzipe muda. Ukizilazimisha zitakatika, na kazi ya asubuhi moja itakuwa ya siku mbili. Legeza linki, fungua klampu, chomoa bushi kuukuu kupitia mpasuo wake. Angalia kwanza mpasuo ulikuwa umeelekea wapi, mpya irudi vilevile.

Safisha nondo, toa kutu na matope pale bushi inapokaa. Kisha pima unene wake. Usinunue bushi kwa jina la gari tu, maana gari la umri huu limeshapita mikono mingi na huenda nondo si ya kiwandani. Bushi pana itacheza, bushi finyu itabana.

Kama ni ya raba, usipake grisi ya kawaida, inailainisha na kuiozesha. Maji ya sabuni yanatosha kuiingiza. Zile ngumu za polyurethane zinataka grisi yake maalumu ya silikoni, la sivyo zitalia kwi-kwi kila tuta.

Badilisha zote mbili kwa pamoja, na raba za linki ukiweza. Funga bolti kwa mkono kwanza, shusha gari likanyage chini, ndipo ukaze mwisho. Raba za linki zibanwe kiasi, zikitokeza pembeni kama maandazi umezidisha.

Rudi barabara ileile yenye mashimo. Kelele ikibaki, kagua boli jointi na tai-rodi. Ikitulia, pita kona yako ya kila siku kwa mwendo uleule. Utaona pua inageuka pamoja na usukani, haisubiri. Hapo ndipo utajua kiungo wako karudi uwanjani.