Ulimi Hauwezi Kukwambia Babako Ni Nani

Hebu toa ulimi kwanza. Usione haya, hata kama uko kwenye matatu. Jaribu kuukunja pande zote mbili uwe kama mrija wa soda. Umeweza? Huo mchezo uliwahi kuninyima usingizi wiki nzima.

Nilikuwa kidato cha nne, tumefika jenetiki. Kitabu kilisema kukunja ulimi ni kazi ya jeni moja tu yenye nguvu, na ukiipata hata kwa mzazi mmoja unaweza. Kwa hivyo wazazi wawili wasioweza hawawezi kuzaa mtoto anayeweza. Mwalimu akatutuma tukapime watu wa nyumbani.

Mimi naweza. Mathe akajaribu, wapi! Mzee naye akajaribu mpaka mate yakamtoka, wapi! Wakacheka sana. Mimi sikucheka. Usiku nilichora ule mchoro wa jeni mara tatu, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: huyu mzee anayeamka saa kumi alfajiri kutafuta karo yangu, si babangu. Kazi yenyewe sikuipeleka shule. Nilidanganya kwamba nimeisahau.

Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipogoma, basi usinichukulie kama mtaalamu. Lakini kusoma sikuacha, na hii stori haihitaji digrii. Aliyeeneza wazo hilo ni Alfred Sturtevant, mwanasayansi wa Marekani, mwaka 1940. Mwaka 1952 Philip Matlock akapima jozi 33 za mapacha wa kufanana. Hao jeni zao ni zile zile, kwa hivyo ilipasa wote wawili waweze ama wote washindwe. Katika jozi 7, mmoja aliweza na mwenzake akashindwa.

Sturtevant mwenyewe alikubali. Kwenye kitabu chake cha 1965 alikiri kuona aibu kwamba bado kuna vitabu vinavyolitaja jambo hilo kana kwamba limethibitishwa. 1965, buda! Mimi nilifundishwa zaidi ya miaka 50 baadaye.

Na si mara ya kwanza. Kuanzia miaka ya 1920 vitabu vilisema binadamu ana kromosomu 48, mpaka Tjio na Levan walipotangaza mwaka 1956 kwamba ni 46. Watu walikuwa wakiziangalia kwa hadubini na bado wanaandika 48, kwa sababu kitabu kimesema.

Sisemi utupe kitabu. Vikundi vya damu, zile A, B, AB na O, hurithiwa kwa kanuni inayoeleweka vizuri. Lakini ulimi, au ndewe ya sikio iliyoshikana na shavu, usiipeleke nyumbani kama ushahidi.

Binamu yangu, mtahiniwa wa mwaka huu, aliniuliza: sasa niandike nini kwa mtihani? Nikamwambia swali likisema ni jeni moja, chora mchoro, chukua maksi zako, uende.

Mzee nilimsimulia Desemba iliyopita tukinywa chai. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Halafu akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Kwa hivyo ile wiki ulikuwa hunisalimii, ndiyo hiyo?"