Kitabu Kimoja, Bei Mbili

Wengi wetu tukisikia neno jasusi tunamkumbuka Willy Gamba wa Aristablus Elvis Musiba, au James Bond wa Mwingereza Ian Fleming. Vitabu hivyo tulivisoma kwa kuazimana, kimoja kikazunguka mtaa mzima mpaka kurasa zikalegea. Lakini wako watu, hasa Uingereza na Marekani, wanaovitafuta vitabu vya ujasusi vyenye jalada gumu ili wavihifadhi. Watu hao wanaweza kulipa dola chache tu kwa nakala moja, na maelfu ya dola kwa nakala nyingine ya hadithi hiyo hiyo, yenye maneno yale yale. Je, tofauti iko wapi?

Tuanze na mfano. Tarehe 13 Aprili 1953, kampuni ya Jonathan Cape ya London ilitoa Casino Royale, riwaya ya kwanza ya James Bond. Fleming alikuwa mtu wa magazeti, na katika riwaya hakuwa na jina. Kwa hiyo zilichapwa nakala 4,728 tu, na kila moja iliuzwa kwa shilingi 10 na peni 6 za Kiingereza. Zilikwisha upesi, na mwezi Mei kitabu kikachapwa tena. Nyingi kati ya zile za kwanza zilinunuliwa na maktaba. Huko zilipigwa mihuri, zikaazimwa na watu wengi, zikachakaa, zikatupwa. Leo nakala safi ya chapa ile, ikiwa bado na karatasi yake ya nje, huuzwa kwa makumi ya maelfu ya pauni.

Kwa hiyo anachonunua mkusanyaji ni nakala iliyotoka kabla dunia haijajua kwamba kitabu kile kitakuwa maarufu. Mtazame John le Carré, ambaye jina lake halisi lilikuwa David Cornwell. Alikuwa bado mtumishi wa idara za siri za Uingereza alipotoa kitabu chake cha kwanza, Call for the Dead, mwaka 1961. Kilichomtangaza duniani ni kitabu chake cha tatu, The Spy Who Came in from the Cold, cha mwaka 1963. Matokeo yake, kile cha kwanza, ambacho watu hawakukigombania, ndicho kigumu zaidi kupatikana. Hali kadhalika Tom Clancy wa Marekani. Alikuwa wakala wa bima wakati The Hunt for Red October ilipotolewa mwaka 1984 na Naval Institute Press, shirika la vitabu vya mambo ya jeshi la majini ambalo halikuwahi kutoa riwaya mpya kabla ya hapo.

Sasa tuje kwenye ile nakala ya dola chache. Mwaka 1926, huko New York, Harry Scherman alianzisha klabu iliyoitwa Book-of-the-Month Club. Mwanachama aliletewa kitabu nyumbani kwa posta, akalipa. Baadaye zikazuka klabu nyingine nyingi, na London duka la Foyle likawa na klabu maalumu ya riwaya za kusisimua. Kwa kuwa klabu ilijua mapema ina wanachama wangapi, iliweza kuchapisha vitabu kwa wingi bila hofu ya kubaki navyo ghalani. Ilitumia karatasi nyepesi, kwa sababu kila gramu iliongeza gharama ya posta. Jalada nalo mara nyingi lilikuwa la ubao mwembamba uliofunikwa kwa karatasi badala ya kitambaa.

Hapana dhambi katika jambo hilo. Klabu zilifikisha vitabu kwenye miji midogo isiyokuwa na duka la vitabu hata moja. Lakini kitu kilichochapwa kwa wingi namna hiyo si adimu, na kisicho adimu mkusanyaji hakilipii fedha nyingi.

Basi, mnunuzi atavitofautishaje? Kwanza, afungue jalada la mbele na kuangalia mkunjo wa ile karatasi ya nje. Vitabu vya Marekani vilivyouzwa dukani kwa kawaida huwa na bei pembeni mwa mkunjo huo. Vya klabu kwa kawaida havina bei, na mara nyingi chini ya mkunjo yameandikwa maneno 'Book Club Edition'. Pili, aivue karatasi hiyo, akigeuze kitabu na kupapasa jalada la nyuma, chini, upande wa kulia karibu na mgongo. Akigusa kishimo kidogo cha duara au cha mraba kilichobonyezwa bila wino, hiyo ni alama ya klabu. Tatu, akipime kwa mkono, kwani cha klabu mara nyingi ni chepesi na kidogo kuliko ndugu yake wa dukani.

Hapa pana mtego unaowanasa hata watu wazoefu. Ukurasa wa hakimiliki unaweza kusema waziwazi kwamba hili ni toleo la kwanza, kumbe ni kitabu cha klabu. Si uwongo wa makusudi. Klabu iliruhusiwa kutumia kurasa zilizokwisha pangwa na mchapishaji, na maneno yale yakachapwa pamoja na mengine yote.

Aidha, tangu miaka ya 1970 wachapishaji wengi huweka kwenye ukurasa huo mstari wa tarakimu, kuanzia 1 hadi 10. Kila kitabu kinapochapwa upya, tarakimu ndogo kuliko zote huondolewa. Ukiiona 1, hiyo ni chapa ya kwanza. Ukikuta inaanzia 4, ni chapa ya nne. Lakini kila kanuni ina mkaidi wake. Kampuni ya Random House kwa miaka mingi iliandika maneno ya toleo la kwanza na kuanzia mstari wake kwenye 2. Asiyejua hilo angeweza kuitupa dhahabu akidhani ni bati.

Palipo na fedha, wajanja hawakosekani. Karatasi ya nje ndiyo hubeba sehemu kubwa ya thamani ya kitabu cha namna hii, kwa sababu ndiyo iliyochanika na kutupwa mapema. Kwa hiyo wapo wanaokivisha kitabu cha klabu karatasi iliyotoka kwenye toleo la kwanza, au karatasi mpya iliyonakiliwa. Wengine hukata pembe ya mkunjo kwa mkasi, wakasema bei iliondolewa kwa sababu kitabu kilikuwa zawadi. Inawezekana ikawa kweli, maana watu walifanya hivyo. Lakini pembe iliyokatwa haithibitishi kitu. Mnunuzi apapase jalada lenyewe, na adai risiti inayosema ni toleo gani na chapa ya ngapi.

Katika miji yetu, vitabu vilivyotumika kutoka ng'ambo huuzwa kando ya barabara. Ukiokota riwaya ya le Carré yenye jalada gumu, huenda ukakuta ni ya klabu. Usivunjike moyo. Lipa bei ya kitabu cha kusoma, ukasome, maana hadithi ni ile ile. Ubaya uko pale unapolipishwa bei ya toleo la kwanza, au pale unapokuwa nalo mkononi ukamwachia mtu kwa bei ya karanga.

Na yule Willy Gamba wetu je? Nakala za chapa yake ya kwanza nazo zilisomwa mpaka zikachanika, wala hatukuona sababu ya kuziweka. Mwenye nayo sandukuni aikague kabla mchwa hawajamtangulia.