Je, Wajua? Gitaa Huweza Kukwaruza kwa Sababu ya Shingo Kunyooka Mno

Uzi wa gitaa la umeme ukikwaruza kwenye freti, wengi hukimbilia daraja na kunyanyua nyuzi. Mlio husafika kweli, na hapo ndipo hoja yao inapopata nguvu. Lakini sasa uzi una safari ndefu kufika kwenye freti, unavutwa zaidi kila ukibanwa, na noti inapanda kupita tuni yake. Ni heri kuanza na shingo. Nyuzi sita za seti ya namba 10 huivuta kwa zaidi ya kilo 40, na chuma kilichofichwa ndani yake hukinza mvuto huo. Ukifunga nyuzi nyembamba zaidi, chuma hushinda, shingo hunyooka mno, na freti za mwanzo huanza kukwaruza. Bana uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya mwisho, kisha chungulia freti ya 7: uwazi wa kama milimita 0.25, unene wa kadi ya biashara, unatosha. Haupo? Legeza chuma robo mzunguko, tuni upya, pima tena. Ila ikikwaruza noti moja tu, chunguza freti inayofuata. Huenda iko juu kuliko nyingine, na hiyo ni kazi ya tupa.