Mhubiri Aliyeamka Dukani

Asubuhi ya tarehe 14 Machi 1887, katika mji wa Norristown, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, mzee mmoja aliamka akashikwa na hofu kubwa. Chumba alicholala hakukijua. Aliita watu wa nyumba ile akawauliza: hapa ni wapi? Wenyeji wakashangaa, maana wao walimjua vizuri. Alikuwa Bwana A. J. Brown, mtu mpole, aliyekodi kiduka pale wiki sita zilizopita akawa anauza peremende, matunda na vifaa vya kuandikia. Alijipikia mwenyewe, kanisani alikwenda, na hakuna aliyewahi kuona ajabu yoyote kwake.

Mzee akakana yote. Alisema yeye ni Ansel Bourne, mhubiri, na kwao ni Greene katika jimbo la Rhode Island. Kazi ya duka haijui hata kidogo. Jambo la mwisho alilolikumbuka, na kwake lilikuwa kama la jana, ni kutoa dola 551 benki mjini Providence na kupanda gari la kukokotwa na farasi. Walipomwambia kwamba hiyo "jana" yake ilikuwa tarehe 17 Januari, hakuamini. Wiki nane zilikuwa zimempita asijue zimekwenda wapi.

Watu walidhani amerukwa na akili, na daktari aliyeitwa naye akadhani vivyo hivyo. Ikapelekwa simu ya maandishi Providence kuuliza, na jibu likarudi: kweli, Ansel Bourne yupo, amepotea, magazeti yametangaza na polisi wamemtafuta wasimpate. Mpwa wake akafunga safari, akayaweka mambo sawa na kumrudisha nyumbani. Mzee alikuwa amekonda sana. Na lile duka la peremende lilimtisha, hakutaka hata kulikanyaga tena.

Wanangu, najua mnachofikiri. Mzee kaiba fedha, kakimbia, kisha kajitungia uongo. Subirini kwanza. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1890, mwanasaikolojia mashuhuri William James alimwomba Bourne akubali kutiwa katika usingizi wa hipnosi. Alipozama, akajitokeza Brown! Alisimulia safari yake yote na maisha ya dukani, mambo ambayo Bourne akiwa macho hakuweza kuyakumbuka. Kuhusu Bourne, alisema jina hilo amelisikia, lakini hadhani kama wamewahi kukutana. Akaletwa mke wa Bourne mbele yake, akasema mwanamke huyu sijapata kumwona. Alipoulizwa kwa nini aliondoka nyumbani, alisema kulikuwa na matatizo huko nyuma na kwamba alitaka kupumzika. James alijaribu kuwaunganisha wawili hao wawe mtu mmoja mwenye kumbukumbu moja, akashindwa.

Kwa kawaida kumbukumbu zetu, jina letu, hisia zetu na mwili wetu huenda pamoja, wala hatuoni kwamba ni vitu vingi. Mtu akielemewa na hofu au uchungu usiobebeka, vitu hivyo vinaweza kuachana. Wataalamu huita hali hiyo mtengano wa fahamu. Ule mdogo unampata kila mtu: unatembea kutoka shule huku unawaza jambo, unafika mlangoni na njia hukumbuki uliipitaje. Huo si ugonjwa. Ugonjwa ni pale mtu anaposahau sehemu nzima ya maisha yake, au anapojiona kama anajitazama kutoka nje ya mwili wake siku nenda siku rudi, au anapokuwa na nafsi zaidi ya moja zinazopokezana. Mara nyingi nyuma ya hali hizo kuna jambo zito: kuteswa utotoni, vita, ajali, kubakwa. Kwa mtoto asiye na pa kukimbilia, akili hukimbia peke yake na kuuacha mwili pale pale. Mimi siwezi kuliita hilo wazimu. Ni namna ya kunusurika, ila baadaye hugeuka kuwa mzigo.

Sasa turudi nyuma, kwa sababu Ansel Bourne ana kisa kingine, na cha pili hiki ni cha mwili. Mwaka 1857 alikuwa seremala wa miaka 31, na dini hakuitaka. Tarehe 28 Oktoba alikuwa akitembea barabarani, likamjia wazo kwamba inampasa kwenda kanisani. Akajijibu moyoni kwamba ni heri awe kiziwi na bubu kuliko kukanyaga pale. Dakika chache baadaye kizunguzungu kikampata, akakaa chini kando ya njia. Macho yakapofuka, masikio yakaziba, sauti ikakatika. Siku ya pili aliona tena, lakini kusikia na kusema vilikawia. Muda wote huo alizungumza na watu kwa kuandika. Vilirudi katikati ya Novemba, akiwa kanisani mbele ya waumini. Yeye mwenyewe aliona ni mkono wa Mungu, na ndipo akawa mhubiri. Mimi imani yake siigusi. Ninachowaonyesha ni kwamba macho hayakutoboka na masikio hayakuumia, na bado mtu yule kweli hakuona wala hakusikia.

Hali za namna hii madaktari waliziita kwa miaka mingi matatizo ya kisomatofomu: mwili unaugua na chanzo hakionekani katika kiungo chenyewe. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliliacha jina hilo, kwa sababu lilitia mkazo kwenye kile ambacho vipimo havikukipata. Siku hizi daktari anatafuta ishara zenyewe. Moja ninaipenda sana. Iliandikwa mwaka 1908 na daktari Charles Hoover.

Chukua mgonjwa ambaye mguu wake wa kulia umepooza, hauna nguvu. Amelala chali. Daktari anaweka kiganja chini ya kisigino cha mguu ule na kumwambia, kandamiza mkono wangu. Mgonjwa anajitahidi mpaka jasho linamtoka, lakini kisigino hakisukumi. Kisha daktari anamwambia, hebu uache huo, inua mguu wa kushoto nami nitauzuia. Mgonjwa anauinua wa kushoto kwa nguvu zake zote, na papo hapo daktari anasikia kile kisigino cha kulia kikikandamiza kiganja chake kwa nguvu! Ni kama nyumba ambayo umeme umefika na waya zote ni nzima, ila swichi moja haiitiki. Mgonjwa akielekeza nia kwenye mguu, nguvu haziji. Akiusahau, zinakuja zenyewe.

"Basi si anajifanya?" Hapana. Kipimo hicho kinasema tu kwamba mishipa ya fahamu ni mizima. Anayejifanya hupumzika watu wakiondoka. Huyu huburuza mguu hata akiwa peke yake, miezi kwa miezi, anapoteza masomo, kazi na marafiki. Wataalamu waliopiga picha za ubongo wameona kuwa ubongo wa mgonjwa wa aina hii haufanyi kazi sawa na wa mtu aliyeagizwa kuigiza ugonjwa. Kwa hiyo mtu akiambiwa "huna kitu" akarudishwa nyumbani, ameambiwa jambo lisilo kweli.

Hali za namna hii huweza pia kushika kundi zima la watu. Kwetu Afrika Mashariki kisa mashuhuri cha aina hiyo kilitokea Kashasha, karibu na Bukoba, tarehe 30 Januari 1962. Tanganyika ilikuwa haijatimiza miezi miwili ya uhuru. Katika shule ya bweni ya wasichana iliyoendeshwa na wamisionari, watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Ikaenea hadi wanafunzi 95 kati ya 159. Wengine iliwashika saa chache, wengine hadi siku 16, wakicheka, wakilia na kuhangaika. Kicheko kile hakikuwa na furaha ndani yake. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa, wasichana wakarudi makwao, na huko, katika kijiji cha Nshamba, watu 217 wakapatwa. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walipima damu wakatafuta sumu na vijidudu, hawakupata kitu. Hakuna aliyekufa. Na katika walimu hakuna hata mmoja aliyeugua. Hilo la walimu mimi hulirudia kila mara, kwa sababu linaonyesha ni nani pale aliyekuwa amebanwa bila pa kusemea.

Mpaka leo wasichana huanguka shuleni kwa makundi, na watu hukimbilia kusema ni mashetani, au wanatega mitihani. Viboko hutembea, au shule nzima hukusanyika kutazama. Kutazamwa kunazidisha. Kinachosaidia ni kuwatenganisha kwa utulivu, kupunguza kelele, na kumpeleka kila mmoja hospitali, kwa sababu kifafa na malaria iliyopanda kichwani navyo huangusha watu, na hivyo haviwezi kusubiri. Daktari akishaviondoa hivyo, ndipo yanapokuja maswali ya upole: unalala vizuri? Unaogopa nini? Kuna mtu anakuumiza?

Na kwa yule ambaye mguu wake hauitiki, tiba ipo. Huanza kwa daktari kumwonyesha mgonjwa kile kipimo cha kisigino, ajionee mwenyewe kwamba nguvu zipo. Mengine hufanywa na mshauri nasaha na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mtu asiyeweza kwenda mbele hatua tatu huambiwa ajaribu kurudi kinyumenyume, au atembee huku anahesabu kwa sauti, na wapo ambao miguu yao huanza kuitika hapo hapo.