Pedi za breki: Soma haya kabla hujatoa pesa dukani

Kila ukikanyaga breki gari linalia kama filimbi, ukiachia linanyamaza. Wengi huongeza sauti ya redio na kuendelea na safari. Kumbe gari linakuambia kitu.

Pedi ina sehemu mbili: bati la chuma kwa nyuma na tabaka gumu linalobana diski. Pedi nyingi huwekewa kibati kidogo makusudi, ambacho hugusa diski na kulia tabaka linapokaribia kuisha. Pedi mpya huwa na tabaka la takriban milimita 10. Likifika milimita 3, panga kubadilisha. Ukisubiri mpaka usikie chuma kinakwaruza chuma, utanunua pedi na diski pamoja.

Sasa umefika dukani, muuzaji anakuuliza: "Nikupe orijino au ya kawaida?" Usijibu haraka. Angalia kwanza mambo haya.

1. Nenda na namba ya chesisi

Kusema "naomba pedi za IST" hakutoshi. Toyota IST za toleo la kwanza peke yake zina chesisi za NCP60, NCP61 na NCP65. Jina la gari ni moja, lakini spea zinaweza kutofautiana.

Namba hiyo ipo kwenye kadi ya gari. Ikiwezekana beba na pedi ya zamani, uzilinganishe umbo, unene wa bati na masikio ya pembeni. Fundi akianza kusaga pedi mpya kwa grainda ili iingie, mwambie aache. Hiyo si ya gari lako.

Kumbuka pia magari mengi madogo yana pedi mbele tu. Nyuma yanatumia shoo zilizo ndani ya ngoma.

2. Chagua kulingana na barabara unazopita

Pedi za oganiki ni laini, hazina kelele na bei yake ni nafuu, ila huisha mapema na nguvu yake hupungua zikipata moto mkali.

Zenye mchanganyiko wa chuma hustahimili moto vizuri zaidi, lakini zinaweza kuwa na kelele na hula diski haraka.

Za seramiki ni kimya, hutoa vumbi kidogo na hudumu, ila bei yake imesimama.

Kama safari zako ni za mjini, oganiki yenye ubora au seramiki inatosha. Kama unashuka mara kwa mara Kitonga au Sekenke ukiwa na abiria na mizigo, fikiria zenye chuma. Kwenye mteremko mrefu, pedi dhaifu hupata moto hadi unakanyaga kwa nguvu zote na gari halishiki vizuri. Hata ukiwa na pedi nzuri, shuka na gia ndogo. Usiachie breki zifanye kazi yote.

3. Geuza pedi, soma mgongoni

Ukiona herufi E ndani ya duara pamoja na maandishi 90R, maana yake pedi imeidhinishwa kwa kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa. Kanuni hiyo inataka utendaji wake usipishane na wa pedi ya asili kwa zaidi ya asilimia 15. Pedi halisi ya kampuni iliyotengeneza gari si lazima iwe na alama hii.

Nyingine zina herufi mbili, kama FF au EF. Ya kwanza inaonyesha pedi inavyoshika ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa na moto. F inashika kuliko E. Kwa hiyo FE ni pedi inayopungua nguvu ikipata moto.

4. Usiamini boksi peke yake

Boksi na herufi vinaweza kuigwa. Fungua, toa pedi zote 4. Je, zinafanana? Tabaka lina ufa? Limeachia kwenye bati? Maandishi yanafutika kwa kidole? Ukiona hivyo, rudisha.

Dai risiti ya EFD. Ukigundua umeuziwa feki, risiti ndiyo ushahidi wako kwa Tume ya Ushindani, FCC, inayoshughulikia bidhaa bandia.

5. Simamia ufungaji

Badilisha magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja. Ukibadilisha upande mmoja, gari linaweza kuvuta upande ukifunga breki.

Usikubali fundi apulize vumbi kwa kompresa. Baadhi ya pedi za zamani zina asibesto, ambayo husababisha saratani. Afute kwa kitambaa kibichi.

Kabla gari halijaondoka gereji, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Ukisahau, breki ya kwanza inaweza kuzama hadi chini bila kushika. Kagua pia kiwango cha mafuta ya breki.

Kilomita 200 za mwanzo funga breki taratibu, isipokuwa kwa dharura, ili pedi na diski vizoeane.

Na ile filimbi ikirudi wiki ya kwanza, usiongeze redio. Rudi kwa fundi siku hiyo hiyo.